Kuwafundisha Watoto Kutia Nguo Rangi kwa Mafundo Pasipo Madhara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa)



Hotuba hii imekusudia jambo dogo kwa sura yake, walakini si dogo kwa matokeo yake. Jambo lenyewe ni kazi ya kutia nguo rangi kwa kuzifunga mafundo, ambayo watu wa mjini huiita batiki pamoja na ile ya nta, wala hawatofautishi baina ya hizo mbili. Siku za likizo, madrasa nyingi na vyama vya vijana hutafuta shughuli ya kuwakusanya watoto isiwe mpira tu kila siku, na shughuli hii ya rangi hupendwa mno. Kitambaa ni cha bei ndogo, mafundo hayana gharama, na mtoto hurudi kwao na kitu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu yafaa izungumzwe kwa urefu. Ndani ya furaha hiyo mna dawa ambazo, zikiachwa karibu na mtoto, huweza kumpofusha jicho au kumuunguza koo kwa muda wa dakika chache.

Kazi hii ni ya kale, na mafundi wa kale walikuwa na mpango ambao wengi wa leo hawaufuati. Katika mji wa Abeokuta, nchi ya Nigeria, wanawake wa Kiyoruba hutengeneza nguo iitwayo adire, na maana ya neno hilo ni kufunga na kutia rangi. Zamani walifungia nyuzi za mmea, na rangi yao ilikuwa nili. Wenye kukipamba kitambaa waliitwa aladire, na wenye kukitia rangi waliitwa alaro: kazi mbili, watu mbalimbali. Kadhalika katika nchi ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi, nguo ya bandhani hufungwa mafundo madogo madogo kwa mamia na maelfu na wanawake waketio majumbani mwao, kisha hupelekwa kwa watia rangi, ambao wengi wao ni watu wa kabila la Khatri, na Waislamu ni wengi miongoni mwao. Wakaao Kampala watafurahi kusikia kwamba huko Nigeria nguo za mafundo zilizotiwa rangi za kiwandani huitwa kwa jina la mji wao. Mtu huingia dukani akaomba yadi tano za kampala, akapewa.

Huenda mgawanyo huo wa kazi ulianza kwa ajili ya biashara tu. Haidhuru. Faida yake kwa mwenye kuongoza watoto ni kubwa, kwa sababu unamwonyesha mahali pa kupitisha mstari. Kufunga kuwe kwa mtoto, na dawa iwe ya mkubwa. Mtoto hapungukiwi na chochote kwa mpango huo, maana uzuri wa nguo hizi wote umo katika fundo. Rangi ni ile ile kwa kila mtu, bali lilipofungwa fundo ndipo panapobakia peupe, na hapo ndipo nguo ya huyu inapotofautiana na ya yule.

Makosa huanza hivi. Mwalimu mwenye nia njema hukumbuka kwamba mtaani pana mama fundi wa batiki, naye humwalika aje awafundishe watoto. Fundi huja na vitu vyake vyote kama anavyovitumia kila siku: sufuria, jiko la mkaa, rangi, mfuko wa kostiki soda na mkebe wa haidrosalfaiti. Fundi huyo hana kosa, na kazi yake ni ya heshima. Lakini dawa zake ni dawa za mtu mzima aliyezoea, na hizo hazifai hata kidogo kuwekwa mahali penye watoto ishirini wanaokimbia huku na huku.

Yafaa ielezwe kwa nini. Rangi za namna ile haziyeyuki katika maji peke yake. Haidrosalfaiti huiondolea rangi hewa iliyoshikamana nayo, na kostiki huifanya iyeyuke, ndipo iingie katika pamba. Kitambaa kikitolewa kikapigwa na hewa, rangi hurudi katika hali yake na kunasa humo. Nili hufanya vivyo hivyo: kitambaa hutoka birikani kikiwa na rangi ya majani, kisha hugeuka buluu mbele ya macho ya watu. Ni jambo la kupendeza mno kulitazama, na ndilo linalowavuta waalimu. Walakini ile kostiki ndiyo itumiwayo na wapikao sabuni, nayo hula ngozi. Hila yake ni kwamba ikiwa imechanganywa na maji mengi haiumi papo hapo. Mtoto huhisi utelezi vidoleni, akadhani ni sabuni, kumbe ule utelezi ni mafuta ya ngozi yake yanayogeuka sabuni. Ikiingia jichoni hupenya haraka sana. Ikimezwa huunguza umio, na kovu linalobaki huweza kuufanya umio uwe mwembamba hata mtoto asiweze kumeza chakula. Nayo ikimiminiwa maji juu yake huchemka na kuruka. Ndiyo maana wajuao huitia kidogo kidogo ndani ya maji baridi, wala hawayatii maji juu yake. Haidrosalfaiti nayo hutoa moshi wa kiberiti unaowabana wenye pumu, na ikipata unyevunyevu ndani ya mkebe huweza kupata moto yenyewe.

Basi hukumu ya hotuba hii ni moja, wala haina mlango wa nyuma: kostiki na haidrosalfaiti zisiingie kabisa katika ua wa watoto, hata kama fundi ni hodari, hata kama ameahidi kuzishika mwenyewe. Akialikwa, na aalikwe kwa mkono wake wa kufunga. Huo ndio ustadi wake mkubwa, na kuutazama kwa saa moja ni somo tosha.

Kisha kuna jambo la chupa. Katika miji mingi madaktari hupokea watoto waliokunywa dawa kali kwa sababu mtu mzima aliitia katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, akaiweka chini ya meza. Mtoto mwenye kiu haisomi karatasi iliyobandikwa. Chochote kiwe ni rangi au ni dawa, kisitiwe katika chombo cha kinywaji, ijapokuwa kwa nusu saa tu. Na sufuria, kijiko au chujio kilichotumiwa kwa rangi za dukani kisirudi jikoni tena. Kitiwe alama ya rangi nyekundu mkononi mwake, kiwekwe mbali.

Zikiisha kuondolewa hizo, zabaki njia mbili njema. Ya kwanza ni ya jikoni, nayo ndiyo ya watoto wadogo wasiotimiza miaka minane. Manjano hutoa rangi kali bila ya dawa yoyote: vijiko vinne vikubwa katika lita tatu za maji, ichemshwe nusu saa, ichujwe, iachwe ipoe. Ni bora kununua mizizi mizima na kuitwanga nyumbani kuliko unga unaong'aa kupita kiasi, kwa sababu mwaka 2019 wataalamu waliochunguza manjano ya Bangladesh walithibitisha kwamba wafanyabiashara wengine walikuwa wakiuongezea unga huo rangi yenye risasi, ambayo ni sumu. Maganda makavu ya vitunguu, yakijazwa nusu ya sufuria na kuchemshwa kwa muda wa saa moja, hutoa rangi ya dhahabu ielekeayo kahawia. Majani ya chai hutoa hudhurungi. Maganda na kokwa za parachichi, ambazo katika Uganda hutupwa kwa magunia, hutoa rangi ya waridi hafifu, na wengi hawaliamini mpaka walione. Nguo ikiwa imelowekwa kwanza katika maji yenye shabu kidogo, rangi za maganda hushika vizuri zaidi.

Manjano yana siri nyingine, na mwalimu atakayeijua hatakosa wasikilizaji. Kitambaa kilichotiwa manjano kikichovywa katika maji ya magadi, yale yale yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, hugeuka chekundu mara moja. Kikinyunyiziwa maji ya ndimu hurudi manjano. Watoto hupiga kelele za furaha hapo, na maswali yao hayaishi. Magadi yawe machache, kijiko kidogo katika bakuli la maji, na mkubwa ndiye ayashike. Si makali kama kostiki, lakini jicho halipendi hata hayo.

Ni wajibu watoto waambiwe kweli kwamba rangi ya manjano haidumu. Jua huila, na baada ya majuma machache nguo iliyoanikwa huwa imepauka. Beti na maua ya rosela ni ya uongo zaidi. Yanapendeza katika beseni, kisha nguo ikifuliwa mara moja hurudi ilivyokuwa. Mtoto aliyedanganywa kwa rangi ya namna hiyo hukasirika, na ana haki.

Njia ya pili ni ya rangi za maji baridi, ambazo hujifunga na pamba yenyewe na hazitoki. Zilianza kuuzwa mwaka 1956 na kiwanda cha ICI cha Uingereza, na leo hutengenezwa katika nchi nyingi. Hizi hazitaki moto wala kostiki, bali hutaka soda ya kufulia, ambayo ni ndugu wa magadi. Uzuri wake ni mkubwa na hatari yake ni moja hasa, nayo haionekani: unga wake ni mwepesi kama vumbi la poda, na ukivutwa puani huweza kuufundisha mwili wa mtu kuuchukia. Mwili ukiisha kuuchukia, basi hata chembe ndogo hapo baadaye huleta kikohozi na kubanwa kifua. Wafanyakazi wa viwanda vya rangi wamepata pumu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtoto asiuone unga huu kamwe. Mkubwa mmoja, amevaa barakoa na glavu, ataupima asubuhi kabla watoto hawajafika, mahali pasipo upepo, juu ya magazeti yaliyoloweshwa maji ili vumbi linase hapo. Atauyeyusha, na kuutia katika vyupa vyenye mdomo mwembamba vilivyonunuliwa kwa kazi hiyo tu. Magazeti atayakunja yakiwa bado mabichi na kuyatupa. Watoto watakapokuja watakuta maji ya rangi tu.

Ile soda nayo huyeyushwa na mkubwa, kikombe kimoja katika lita nne za maji ya uvuguvugu, na ni yeye atakayezitumbukiza nguo zilizokwisha kufungwa, azikae kwa robo saa, azikamue, na kuzigawa kwa watoto waliovaa glavu. Soda isichanganywe ndani ya vyupa vya rangi, kwa sababu rangi hufa nguvu kwa saa chache tu, na watoto wa mwisho watapata nguo zilizopauka. Rangi ikiisha kumiminwa, nguo hufungwa katika mfuko wa plastiki na kulazwa mpaka kesho yake.

Kwa habari ya kitambaa, pamba iwe pamba tupu. Marekani ya kawaida yafaa sana, na fulana za mitumba zafaa zikichaguliwa. Kama pana shaka, mkubwa na achomoe uzi mmoja na kuuchoma: uzi wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, bali uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha kipande kigumu kama ushanga. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kitoke wanga wa dukani. Kipande cha nusu yadi chamtosha mtoto. Wako wanaowapa watoto mashuka mazima, na mwisho wake ni kwamba mkubwa ndiye afungaye, na mtoto akae akitazama.

Sasa kufunga kwenyewe, na hapa mwalimu asiwe na haraka, maana nusu ya siku yafaa itumike mkekani chini ya mti. Mtoto huchukua kitambaa katikati, akakiinua kama anayeinua pembe ya hema, akakizungushia uzi: hilo likifunguliwa huwa duara. Akikikunja kama kipepeo cha mkeka na kukifunga mahali mahali, huwa mistari. Akitia harage ndani ya kitambaa na kulifunga shingo, kisha jingine na jingine, huwa nyota nyingi. Fundo lisilokazwa huingiza rangi, na kila mtoto atalijua hilo kwa nguo yake ya kwanza kuliko kwa kuambiwa mara kumi.

Maharage na vijiwe vina hatari ambayo haimo katika dawa. Mtoto wa miaka mitatu au minne hulitia harage puani au sikioni, na harage lililolowa maji huvimba humo. Kama wadogo wa namna hiyo wapo, kwa kuwa dada zao wamekuja nao, basi wafungiwe vipande vikubwa vya gunzi la mahindi badala ya maharage, au wafunge kitambaa kitupu. Vipande vya tyubu ya baiskeli ni vizuri kuliko uzi kwa mikono midogo, lakini havizungushwi kidoleni kwa mchezo, kwa maana kidole hugeuka buluu na mtoto huogopa kusema. Na nyuzi zikatwe fupi, urefu wa mkono. Uzi mrefu huishia shingoni mwa mtu.

Kubwa kuliko yote katika mlango huu ni wembe. Desturi ya mafundi ni kukata mafundo kwa wembe, na watoto huiga. Katika kazi ya watoto wembe usiwepo. Mafundo yafungwe kwa kitanzi, kama kamba ya kiatu, yafunguke kwa kuvutwa. Yakikataa, mkubwa na ayakate kwa mkasi usio na ncha. Itachukua muda mrefu zaidi, na haina neno.

Ua upangwe kwa upande mmoja wa kwenda, kama mto. Kwanza mkeka wa kufungia, kivulini. Kisha mahali pa maji ya kulowekea. Kisha meza ya rangi, nayo iwe upande ambako upepo unatoka kwa watoto kwenda kwenye rangi, si kinyume chake. Mwisho mahali pa kunawa. Mtoto aliyepita asirudi nyuma na mikono yenye rangi, kwa kuwa hapo ndipo hugongana na wanaokuja, na beseni humwagika. Mkubwa mmoja kwa watoto sita ni kiasi kinachowezekana. Wakiwa watoto 24, wakubwa wanne, na wa tano asiwe na kazi yoyote ila kutazama na kuhesabu. Huyo wa tano huonekana mvivu, na watu humpa kazi ndogo ndogo za kubeba maji. Asipewe.

Jiko la mkaa, kama lipo kwa ajili ya manjano na maganda, liwe nje kabisa ya njia hiyo, mbali na kamba na vitambaa, na sufuria zote ziwe zimekwisha kuepuliwa na kupoa kabla jina la mtoto wa kwanza halijaitwa. Rangi za jikoni hushika vema hata zikiwa vuguvugu, wala hapana sababu ya mtoto kuchovya mkono penye mvuke. Jiko lisiingizwe ndani ya chumba kwa sababu ya mvua. Hewa ya mkaa imewaua watu wazima waliolala nayo, seuze watoto. Mvua ikinyesha, kazi iahirishwe.

Mavazi nayo yataka neno. Shughuli hii isifanywe Ijumaa, kwa sababu iliyo wazi: kanzu nyeupe na beseni la rangi haviwezi kukaa pamoja, na hapana mama atakayeusikiliza udhuru. Watoto waje na nguo kuukuu na viatu. Wasichana wabane ncha za mitandio yao kwa pini nyuma, zisije zikaburura katika rangi. Gunia la plastiki likitobolewa tundu za mikono tu, wazi mbele, huwa aproni njema. Lisiwe la kuvishwa kichwani hata kwa dakika moja. Glavu za watu wazima huwavuka watoto na kuwaletea maji ndani, kwa hiyo zitafutwe ndogo, au mikono ifungwe kwa tyubu laini isiyobana. Kabla ya siku hiyo wazazi waulizwe mambo mawili: kama mtoto ana pumu, na kama ana kidonda au ukurutu mikononi. Mwenye pumu na afunge mafundo na rangi za jikoni, asikae karibu na meza ya rangi za dukani. Wala pasiliwe wala pasinywewe kitu mpaka kila mkono umenawa kwa sabuni.

Kuna watakaosema kwamba mikono ya watoto imezoea hina, basi rangi itawadhuru nini. Hina ya majani haina neno. Lakini hata hapo udanganyifu umeingia, kwa kuwa ile hina nyeusi, ambayo wengine huiita piko, ni dawa ya nywele ya kiwandani, nayo imewaunguza watoto mikono siku za Idi na za arusi, wakabakia na alama. Rangi ya nguo ni ya nguo. Mtoto asiachwe kuchorea mwilini mwake wala mwilini mwa mwenziwe.

Na jerikeni mbili za maji safi, za lita 20 kila moja, ziwe tayari karibu na meza, pamoja na kikombe, zisiguswe kwa kazi nyingine. Kitu kikimwingia mtoto jichoni, kope zifunuliwe na maji yamiminwe taratibu bila kukoma kwa muda wa dakika 20, hata akilia, kisha apelekwe hospitali. Maji ya ndimu na siki visitiwe jichoni kwa kudhani vitavunja ukali wa soda. Ngozi iliyomwagikiwa ioshwe kwa maji mengi, na nguo iliyolowa ivuliwe kwanza. Mtoto aliyemeza dawa kali asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa mengi wala mafuta; mdomo wake usukutuliwe, achukuliwe mara moja kwa daktari, na chombo cha ile dawa kiende pamoja naye, ili daktari ajue ni nini. Kutapisha hulipitisha lile linalounguza mara ya pili katika umio ule ule. Wazazi wengi hawalijui hilo, na hufanya kinyume kwa huruma.

Maji yaliyobaki yasimwagwe karibu na chemchemi wala kisima wala bustani ya mboga. Maji ya manjano na maganda hayana madhara. Ya rangi za dukani yazimuliwe kwa maji mengi na kumwagwa katika mfereji wa maji machafu, au katika shimo la choo.

Kesho yake ndiyo siku ya kufungua, na yafaa watoto wote wawepo kwa saa moja, si nguo zipelekwe majumbani zikiwa tayari. Kila kipande kiwe kilitiwa namba pembeni kwa sindano na uzi tangu mwanzo, maana wino wa kalamu hutoka, na karatasi huloa; pasipo namba, mabunda thelathini yaliyofungwa hufanana yote, na mtoto atakayepewa la mwenziwe atalijua kosa hilo kabla ya mwalimu. Mkubwa mwenye glavu atazisuuza nguo za rangi za dukani kwa maji baridi mpaka maji yatakapotoka meupe, mafundo yakiwa bado yamefungwa, kisha atamrudishia kila mmoja yake avute kitanzi. Hapo hapana haja ya hotuba. Mmoja atapata duara alilolitaka, mwingine atapata doa la ajabu ambalo hakulitazamia na atalipenda zaidi, na atakuwako ambaye uzi wake ulilegea na kitambaa chake kimekuwa rangi moja tupu. Huyo apewe kipande kingine na nafasi ya kwanza katika mkeka mara ijayo.

Kwa mara tatu za kwanza nguo hizo zifuliwe peke yake, na kuanikwa kivulini.